Mjamzito na uko Kampala kwa muda tu? Anza kliniki hapohapo

Dada zangu mnaokuja Uganda kikazi, kimasomo au kumfuata mume, halafu mnajikuta na mimba, ushauri wangu mkubwa ni huu: usiseme nitaanza kliniki nikirudi nyumbani. Mi nilikuwa huku kwa mkataba mfupi, mume kabaki Dar, na hilo wazo nalijua vizuri, unajiambia si miezi michache tu jamani. Sasa hiyo miezi michache ndo ileile ya vipimo vya mwanzo, wingi wa damu, kundi la damu, HIV, kaswende, mkojo, presha. Shirika la Afya Duniani tangu 2016 linataka mama aonane na mhudumu angalau mara 8, na ile ya kwanza iwe ndani ya wiki 12. Ukisubiri urudi unafika kwenu tumbo lishachomoza na hujui hata kundi lako la damu.

Pa kwenda papo. Vituo vya serikali huduma ni bure tangu ada zilipofutwa 2001, ila foleni yake ujipange, uende asubuhi na chai yako kwenye chupa. Ukiwa na hela kidogo kuna hospitali za dini kama Nsambya, Rubaga, Mengo na Kibuli, hizi unalipia. Bima ya kwetu huku usiitegemee, uje na cash, na usishtuke ukiona bei ina sifuri nyingi, shilingi ya Uganda ndo ilivyo, badilisha kwanza kichwani ndo uanze kulalamika. Lugha: somo la asubuhi kwa kina mama mara nyingi ni Kiganda, na Kiswahili mjini hapa kila mtu anakwambia anakisikia ila kujibu hawezi. Mi nilikuwa namwomba nesi anirudie pembeni kwa Kiingereza, nikimwita musawo, yaani mganga kwa Kiganda, kwa adabu anacheka na kunieleza polepole. Usitoke hapo unaitikia tu kichwa wakati hujaelewa dawa unameza saa ngapi.

Sasa ishu yenyewe ni malaria. Uganda ina malaria nyingi, kwa hiyo kliniki wanakupa SP, dawa ya kukinga malaria, ile tuliyozoea kuiita Fansidar, kuanzia mwezi wa nne wa mimba, dozi zipishane angalau mwezi mmoja, na zifike tatu au zaidi kabla hujajifungua, tena unameza hapohapo nesi anakuangalia. Sisi wa Tanzania bara tumezoea, lakini jirani yangu mmoja wa Nairobi alikataa kabisa, alisema mbona mimba ya kwanza hakupewa na siumwi malaria mimi. Ni kweli hakupewa, Kenya wanatoa maeneo yenye malaria nyingi kama Pwani na kule ziwani, Nairobi haimo. Na huyo ndo anahitaji zaidi yetu maana mwili wake haujazoeana na malaria kabisa. Alimeza baada ya nesi kumweleza vizuri. Ila kama unatumia septrini kila siku, sema kabla, hizo mbili hazichanganywi. Na vidonge vya foliki asidi vile vikubwa vya miligramu 5 vinapunguza nguvu ya SP, vile vidogo vya 0.4 havina shida, kwa hiyo ulivyobeba kutoka kwenu mwonyeshe mhudumu. Chandarua ulizia hapohapo kliniki, wajawazito huwa wanapewa.

Kitu kingine ni makaratasi, na hapa mi ni mkali. Wewe ndo unahamisha taarifa zako, hakuna kompyuta ya Kampala inayoongea na ya Dar. Kadi ya kliniki, majibu ya maabara, ripoti ya ultrasaundi, vyote piga picha na umtumie mtu wa nyumbani. Hakikisha pameandikwa tarehe ya hedhi ya mwisho, dozi za SP kwa tarehe, chanjo ya pepopunda umefikia ya ngapi, na kundi la damu. Kliniki moja ya mtaani walitaka kunifanyia upya vipimo vyote kwa hela, nilipotoa majibu yangu yenye mhuri wakatulia. Na kama kundi lako la damu ni negativu na la baba mtoto ni positivu, ulizia mapema sindano ya anti-D, ile inayozuia mwili wako kushambulia damu ya mtoto, inachomwa karibu wiki ya 28 na tena ndani ya saa 72 baada ya kujifungua kama mtoto ni positivu. Sio kila mahali ipo na ni ghali, hiyo sio kitu cha kuanza kutafuta ukiwa leba.

Majirani watakupenda, hilo andaa moyo. Mama mwenye nyumba wangu, wote tunamwita Jjajja, yaani bibi, aliniletea emmumbwa, ule udongo uliochanganywa na majani ambao wajawazito wa Kiganda wanakunywa. Nilipokea kwa mikono miwili nikashukuru, nikaweka kabatini. Simdharau mtu, ila sijui ndani mna nini na ninameza vidonge vya damu. Dodo na nakati, mboga za majani za huku, alizokuwa ananipikia hizo nilikula zote.

Kurudi kupangwe mapema. Ndege nyingi wanataka barua ya daktari kuanzia wiki 28, na ikifika 36 hawakupandishi, mapacha ni mapema zaidi. Basi halina hayo masharti ila kutoka Kampala kupita mpaka wa Mutukula hadi Bukoba na kuendelea ni kukaa masaa mengi, shuka kila likisimama utembee, kunywa maji hata kama choo ni cha mashaka.

Ikitokea umejifungulia hukuhuku, utaulizwa vifaa, wenyewe wanaita mama kit, humo mna glavu, nailoni ya kulalia, nyembe, kamba ya kitovu, pamba na sabuni, nunua mimba ikifika mwezi wa nane. Na usitoke hospitali bila ile karatasi ya taarifa ya kuzaliwa, ndo unapeleka NIRA, mamlaka yao ya vitambulisho na usajili, upate cheti, halafu ubalozini, maana mtoto wa wageni hapati uraia wa Uganda kwa kuzaliwa hapa tu, na mpakani watakuuliza huyu mtoto ni wa nani.