Maswali ya Wasomaji: Kebo za Daraja la Kuning'inia

Swali: Tunasanifu daraja la waenda kwa miguu lenye mita 60 kutoka mnara hadi mnara. Mwenzangu anataka kebo zikazwe hadi mlegeo wa katikati, yaani kina ambacho kebo inashuka chini ya vilele vya minara, ubaki mita 3 tu, ili minara iwe mifupi. Kuna ubaya gani?

Jibu: Atakachookoa kwenye minara atakilipa mara mbili kwenye kebo na nanga, yaani mabonge ya zege yanayoshika ncha za kebo. Kani ya mlalo, yaani nguvu inayoivuta kebo kwa usawa, hupatikana kwa kuzidisha uzito wa kila mita kwa mraba wa urefu kutoka mnara hadi mnara, kisha kugawanya kwa mara nane ya mlegeo. Tuseme njia ina upana wa mita 1.2, watu wana kilonyutoni 4 kwa mita ya mraba (kilonyutoni moja ni kama uzito wa kilo 100), na daraja lenyewe lina 1.2 kwa kila mita ya urefu. Jumla ni 6 kwa mita. Kwa mlegeo wa mita 3 kani ni kilonyutoni 900. Kwa mita 6 ni 450. Chukueni mita 6, yaani moja ya kumi ya urefu.

Penye mnara kebo imeinama zaidi, hivyo mvuto hufika kama 485, au 243 kila upande wa njia, kushoto na kulia. Kwa usalama wa mara tatu, kila upande unahitaji kebo zisizokatika chini ya 729. Kebo mbili za milimita 26, zenye moyo wa chuma na nyuzi za kiwango cha nguvu cha 1770, hukatikia karibu 850 kwa pamoja. Zinaonekana kutosha, lakini ncha iliyokunjwa na kufungwa kwa vibano vya U (upinde wa chuma unaokazwa kwa nati juu ya tandiko) ihesabiwe kuwa na asilimia 80 tu ya nguvu hiyo. Inabaki 680, na usalama umeshuka hadi 2.8. Nendeni milimita 28. Wengi hulisoma jedwali la kebo vizuri, wakasahau ncha zake.

Swali: Daraja letu jipya, la urefu kama huo, limeshuka sentimita 40 katikati na hakuna kilichokatika. Vibano vimeteleza?

Jibu: Huenda, ila anzeni na kebo yenyewe. Kebo mpya isiyovutwa kiwandani hurefuka nyuzi zake zinapojipanga, mara nyingi kati ya asilimia 0.25 na 0.5. Kwa mlegeo wa moja ya kumi, kila sentimita inayoongezeka kati ya minara hushusha katikati karibu sentimita 1.9; kwa hiyo sentimita 20 za kurefuka zinatosha kuleta mnachokiona. Dawa ni kuagiza kebo iliyokwisha kuvutwa, au kuacha nafasi ya kukaza kwenye nanga.

Kebo ikivutwa hupungua unene pia, na nati za vibano hulegea. Zikazeni upya baada ya mzigo wa kwanza, kwa spana ya kipimo, ile inayoonyesha nguvu ya kukaza. Tandiko la kibano likae juu ya upande unaobeba mzigo, na upinde wa U juu ya ncha iliyokatwa. Ukigeuza, U inaziponda zile zile nyuzi unazozitegemea. Kwa milimita 28 wekeni vibano visivyopungua 6, viachane milimita 170 hivi, vyote vya chuma kilichofuliwa. Vya kuyeyushwa na kumiminwa waachieni wajenga uzio.

Swali: Je, kebo izikwe moja kwa moja ndani ya zege la nanga?

Jibu: Hapana. Huko Angers, Ufaransa, tarehe 16 Aprili 1850, daraja lilianguka na kuua askari zaidi ya 200. Nyuzi zilikuwa zimeliwa na kutu ndani ya nanga, mahali ambapo jicho halifiki. Zikeni fito nene za chuma, kebo iishie nje kwenye pini, juu ya usawa wa maji na matope.

Na zege lenyewe si dogo. Kama kebo ya nyuma, itokayo mnarani hadi kwenye nanga, ina mwinamo sawa na wa mbele, kila upande unavutwa kilonyutoni 225 kwa mlalo na kuinuliwa 90. Kwa msuguano wa 0.5 kati ya zege na ardhi na usalama wa 1.5, bila kutegemea udongo wa mbele, mnahitaji karibu mita za ujazo 32 kila upande.

Swali: Tuogope kuyumba?

Jibu: Ndiyo, hasa kwenda kando. Millennium Bridge ya London ilifunguliwa tarehe 10 Juni 2000 na kufungwa siku mbili baadaye kwa sababu hiyo, ingawa kebo zake zilikuwa na nguvu tele. Mwendo wa kando wenye mzunguko wa karibu mara moja kwa sekunde ndio unaooana na hatua za watu. Kebo za upepo zinazovuta sakafu kwa pembeni husaidia sana. Zifungwe kabla ya kupitisha watu.