Kocha mpya wa vijana, mfahamu kijana kabla hajaacha mpira

Kocha mwenzangu unayeanza na vijana wa miaka 13 hadi 17, msimu huu wachezaji watakukimbia, na wengi hawatakuaga. Ukiwauliza wenzao utaambiwa "kabanwa na shule" au "mama yake kamkataza". Mara nyingine ni kweli kabisa. Lakini kwa miaka niliyofundisha vijana hapa Dar es Salaam, ninachokiona zaidi ni kijana kuondoka baada ya kujiridhisha kwamba hana namba, yaani nafasi kikosini, na hataipata. Shule inampa njia ya kuondoka na heshima yake.

Dalili huanza mapema. Leo kachelewa kupasha, kesho njumu zimelowa, wiki ijayo kaka yake kaziazima. Siku ya mechi anakuja na jezi kwenye mfuko na haivai mpaka kikosi kisomwe. Asiposikia jina lake, anafunga ule mfuko vizuri na kukaa mwisho wa benchi. Ukimwona hivyo, zungumza naye siku hiyohiyo, pembeni, wenzake wasisikie. Mweleze anachokosa kwa jambo moja analoweza kulifanyia kazi, kwa mfano kupokea mpira akiwa ameshaangalia nyuma yake. "Ongeza bidii" haimsaidii kitu.

Elewa pia kwamba umri huu unadanganya macho ya kocha. Wavulana wengi hurefuka kwa kasi karibu na miaka 14, ila wapo wanaotangulia na wapo wanaochelewa sana. Tena umri wa mashindano kwa kawaida unahesabiwa kuanzia tarehe 1 Januari, kwa hiyo mtoto wa Januari na wa Desemba wako kundi moja ingawa wamepishana karibu mwaka mzima. Unayemwona ana kipaji huenda amekua mapema tu. Mshambuliaji Mwingereza Jamie Vardy aliachwa na klabu ya Sheffield Wednesday akiwa na miaka 16 kwa sababu ya umbo dogo, na mwaka 2016 akachukua ubingwa wa Uingereza na Leicester City.

Sisi tumeongeza tatizo letu wenyewe, vijeba, yaani watu waliozidi umri wanaochezeshwa kama watoto. FIFA ilianza kupima kifundo cha mkono kwa MRI, picha inayoonyesha kama mifupa imeshamaliza kukua, kwenye Kombe la Dunia la vijana chini ya miaka 17 mwaka 2009 kule Nigeria. Serengeti Boys, timu ya taifa ya Tanzania ya umri huo, nao walikwenda AFCON ya vijana Gabon mwaka 2017 baada ya Kongo Brazzaville kuondolewa kwa kutomfikisha mchezaji wao kwenye kipimo hicho. Kwenye kombe la mtaani hakuna MRI. Mtoto wa kweli wa miaka 14 anakabwa na mtu mwenye ndevu, anaumia, na jioni anasikia watu wazima wakimpongeza kocha wa huyo kijeba. Usichezeshe vijeba, hata kama kombe litakupita. Inaniuma sana kuona watoto wanalipia kombe la mtu mzima.

Kuna na goti. Kijana akikuonyesha kinundu chini ya pia ya goti, kinachouma ukikibonyeza na kuzidi akikimbia au kuruka, usimwambie anadeka. Hutokea sana kwenye umri wa kukua, madaktari wanaita Osgood-Schlatter, na kwa kawaida hutulia mwili ukimaliza kurefuka. Mpunguzie mbio na kuruka, zungumza na mzazi aonwe na daktari, na mpe kazi inayombakiza kikosini. Aliyeambiwa anadeka huku anaumia kweli hatakuambia tena, atabaki nyumbani.

Dawa kubwa ninayoijua ni dakika za kucheza. Ukiwa na vijana 25 na mechi moja kwa wiki, wengine watasugua benchi msimu mzima. Tafuta mechi ya kirafiki katikati ya wiki, na anayekaa nje Jumamosi aanze kwenye hiyo ya kirafiki. Mazoezini cheza wanne kwa wanne, kila mmoja aguse mpira.

Shule nayo ipangie mapema. Mtihani wa kidato cha nne huwa Novemba. Ukiwaambia "asiyekuja mazoezini hana namba" mwezi Septemba, umewafukuza wewe mwenyewe. Waruhusu waje mara moja kwa wiki, mweleze mzazi, na utangaze siku ya kurudi Desemba. Wengi hurudi wakijua wanasubiriwa.

Kwa wasichana, hakikisha wana pa kubadilishia nguo, weka taulo za kike kwenye mkoba wa huduma ya kwanza, na maliza mazoezi mapema wafike nyumbani kabla ya giza. Bila hayo wazazi hawatakuelewa, na wana haki.

Na aliyekwisha kuacha, mfuate kwao. Usianze kwa kudai jezi. Salimia wakubwa, kaa kidogo, kisha muulize anacheza wapi siku hizi, maana wengi bado wanapiga chandimu kila jioni na watoto wa jirani. Mwambie mechi ya katikati ya wiki ina nafasi yake, saa ngapi, uwanja gani, na atacheza namba ngapi.