Kifaa kinakaa miaka kumi, softiwea yake je?

Tunatengeneza kontrola za pampu za maji kwa Yocto (zana za kujitengenezea Linux ya kifaa), toleo la Kirkstone. Tuendelee nayo?

Bidhaa mpya hapana kaka. Kirkstone ilitoka Aprili 2022 na mwisho wa sapoti yake ni Aprili 2026, bora muanze na toleo la Scarthgap linaloenda mpaka Aprili 2028. Ila hata hiyo haitoshi, piga hesabu hivi: mwaka wa kutengeneza, mitatu ya kuuza, halafu yule anayenunua siku ya mwisho naye anataka kukaa nayo mitano, tayari ni tisa. Wengi wanahesabu toka siku ya kwanza ya kuuza, hapo ndo wanapoumia. Mtahamia toleo jipya angalau mara mbili, hela ya hiyo kazi iingie kwenye bei ya kifaa leo.

Bosi anasema kerneli (kiini cha Linux) ya LTS, yaani ya sapoti ndefu, ni miaka 6, ni kweli?

Zamani. 5.10 ya Desemba 2020 imepata sita, ila siku hizi LTS inaanza na ahadi ya miaka miwili, ikiongezwa mshukuru. Mkitaka muda mrefu angalieni mradi wa CIP (Civil Infrastructure Platform) chini ya Linux Foundation, unachagua kerneli chache kama 5.10 na 6.1 na kuzitunza miaka 10. Na kabla hamjalipia chipu muulizeni muuzaji kerneli yake ni ya lini, zile za bei chee mara nyingi zimekwama kwenye kerneli ya kale na mkishaweka oda ndo basi.

Tukiuza Ulaya?

Sheria yao ya CRA (ya usalama wa mtandao kwa bidhaa za kidijitali) inabana kikamilifu kuanzia 11 Desemba 2027, sapoti isipungue miaka mitano, labda kifaa chenyewe kisitegemewe kufika huko.

Vifaa vimegoma kuongea na seva baada ya miaka miwili na hatujagusa kitu!

Poleni sana, angalieni saa kwanza. Mimi niliwahi kufungua boksi la pampu, vumbi tupu, nikachomeka kebo, log (kumbukumbu za kifaa) inasoma Januari 1970! Betri ya CR2032, ile ndogo ya saa, imekufa, umeme ukikatika saa inarudi mwanzo, kwa hiyo kila cheti cha seva (kitambulisho chake cha kidijitali) kinaonekana bado hakijaanza kutumika na kifaa kinakataa. Saa ikiwa sawa basi kagueni vyeti vya mizizi mlivyoviweka ndani, vile ambavyo kifaa hutumia kuthibitisha vyeti vya seva, 30 Septemba 2021 cheti cha DST Root CA X3 kiliisha muda na vifaa vingi vya zamani vikakatika siku hiyohiyo. Vyeti viwe vinaingia kwenye apdeti kama softiwea nyingine, na kubadilisha betri kuwe kwenye ratiba ya fundi.