Usikimbilie kulichimbia mtaro hilo dimbwi

Ndugu yangu, umesema umekodi ekari 160 huko North Dakota, shamba mraba kabisa, na katikati kuna dimbwi linalokusumbua na trekta. Unauliza kama ulichimbie mtaro maji yaende kwenye mfereji wa barabarani.

Subiri kwanza. Madimbwi hayo yaliachwa na barafu iliyoyeyuka zaidi ya miaka 10,000 iliyopita. Ile mistari ya mipaka inayogawa mashamba kuwa miraba, maili kwa maili, waliichora wapima ardhi baadaye sana, bila kujali maji yanalala wapi. Na dimbwi lako kukauka mwezi wa Julai hakulifanyi lisiwe ardhi oevu, yaani ardhi ya majimaji, kisheria. Tangu 1985, mkulima anayekausha ardhi oevu ili apande mazao anaweza kunyimwa ruzuku na mikopo ya Wizara ya Kilimo ya Marekani, na siku hizi hata nafuu ya bima ya mazao. Nenda ofisi ya wizara wilayani uombe wakupimie na kukuambia kwa maandishi kama ni ardhi oevu, na muulize mwenye shamba kama ameuza haki ya kukausha maji kwa idara ya wanyamapori. Wengi huko wameuza, na mkataba unafuata ardhi, haufuati mtu.

Halafu tazama ukingoni: ukiona ukoko mweupe, hiyo ni chumvi. Mbegu na mbolea unazomwaga hapo ni hasara tupu. Panda nyasi za kudumu zinazovumilia chumvi, uzungushe trekta kwa mkunjo mpana. Bata watakuja wenyewe.