Jibu: Nianzie wapi na waandishi nisiowajua?

Mkuu, umesema tangu umalize shule umebaki na Shaaban Robert tu, unataka wapya ila hutaki kutupa hela. Mimi nilibahatisha. Hapa Dodoma, pale Sabasaba, jamaa alitandaza vitabu vya mtumba juu ya turubai, vumbi tupu. Nikaokota kimoja kisicho na jalada, nikafungua katikati, nikasoma nimesimama, karanga mkononi, mpaka muuzaji akaniuliza, "Kaka, unanunua au unamaliza?" Nikatoa buku mbili.

Kumbe ni Nagona, riwaya ya Euphrase Kezilahabi. Wewe usianzie hapo! Ni kembamba lakini kinazungusha kichwa. Mara ya kwanza sikuambulia kitu, ya pili nikakesha nacho. Anza na Rosa Mistika yake ya 1971, ile iliyowahi kupigwa marufuku mashuleni. Halafu Peponi ya Gurnah, Mzanzibari aliyepata Nobel 2021, tafsiri ya Ida Hadjivayanis.

Aliyenitia aibu ni Mathias Mnyampala. Ngonjera tulizighani sana shuleni, mikono ikirushwa huku na huku, wala sikujua mwasisi wake ni Mgogo wa hapa hapa kwetu.

Ukiwa dukani, fungua katikati. Ukurasa wa kwanza kila mwandishi huupiga pasi. Kikikushinda, badilishana na mwenzio.

Nagona yangu nakuazima ukifika Dom, ila irudi. Nimeandika pembeni kwa penseli.