Hatari haikuondoka na Kombe la Dunia

Shangazi, shikamoo. Umeniuliza kama ni kweli, kama anavyodai wakala wa hapo Mombasa, kwamba wasichana waliuzwa Qatar msimu wa Kombe la Dunia tu, na kwamba kwa kuwa mashindano yalimalizika Desemba 2022, mdogo wangu anaweza kuja Doha kufanya kazi za ndani bila wasiwasi. Si kweli, na nakusihi asitoe hata shilingi moja kwa sasa.

Uvumi huo ni wa zamani. Kabla ya mashindano ya Ujerumani mwaka 2006 ilitangazwa kwamba wanawake 40,000 wangeingizwa nchini humo na kulazimishwa kufanya ukahaba. Polisi walipochunguza, kesi zilizoonekana kuhusiana na mashindano zilikuwa 5. Idadi ileile ya 40,000 ikatajwa tena Afrika Kusini mwaka 2010. Hata kesi tano ni watu watano walioumizwa, lakini macho yote yalielekezwa kwenye mwezi mmoja wa mpira, na walanguzi wa binadamu wakabaki na miaka yao yote.

Hapa Qatar mateso mengi yalitangulia mechi ya kwanza. Nilifanya kazi ya ulinzi pamoja na Wakenya na Waganda waliofika na deni la wakala, wakachukuliwa pasipoti, kisha wakapewa mshahara mdogo kuliko walioahidiwa Nairobi, na mtu aliyeweka rehani shamba la wazazi wake haachi kazi hata akinyanyaswa. Sheria zimebadilika, nami nazifurahia: tangu 2020 mfanyakazi anaweza kuhama bila kibali cha mwajiri, na tangu Machi 2021 kima cha chini ni riyali 1,000 kwa mwezi, hata kwa wafanyakazi wa ndani. Lakini sisi walinzi tulilala kambini, tukasikilizana. Msichana wa kazi za ndani hulala kwa mwajiri wake, na akinyang'anywa simu hana wa kumsikia.

Kwa hiyo muulize wakala kama amesajiliwa na Mamlaka ya Kitaifa ya Ajira ya Kenya, na kwa nini anadai ada ilhali sheria ya Qatar inakataza mfanyakazi kutozwa gharama za kuajiriwa. Akikupa mkataba, nitumie nakala ya Kiarabu kabla mdogo wangu hajatia sahihi, kwa sababu hiyo ndiyo inayofuatwa huku kukizuka mgogoro.