Je, Sindano za Eksosomu Zinatibu Saratani ya Koo?

SWALI: Daktari, shikamoo. Baba yangu amegundulika kuwa na saratani ya koo na anasubiri kuanza mionzi. Muuzaji mmoja anatushauri tuahirishe mionzi tumchome kwanza sindano za eksosomu, akidai zinaponya bila kuunguza. Tumsikilize? – Msomaji, Tanga

JIBU: Marahaba. Tafadhali msimsikilize, na wala msiahirishe mionzi. Hakuna dawa ya eksosomu iliyoidhinishwa kutibu saratani ya kichwa na shingo, kundi ambalo saratani ya koo imo, na Desemba 2019 mamlaka ya dawa ya Marekani ilitahadharisha umma baada ya wagonjwa katika jimbo la Nebraska kupata madhara makubwa kutokana na bidhaa zilizouzwa kwa jina hilo.

Eksosomu zenyewe zipo kweli. Ni vifuko vidogo mno vyenye upana wa nanomita 30 hadi 150 hivi (nanomita ni sehemu moja ya bilioni ya mita), ambavyo seli huvitoa vikiwa vimebeba protini na RNA, yaani molekuli zenye maelekezo ya kijenetiki, kupeleka kwa seli nyingine. Seli za saratani nazo huvitoa, na hapo ndipo penye hatari: baadhi ya vifuko hivyo hubeba protini iitwayo PD-L1, ambayo huzizuia seli za kinga zisiushambulie uvimbe. Mwaka 2018 watafiti wa Pittsburgh, Marekani, akiwemo Theresa Whiteside, walionyesha kwamba kadiri eksosomu katika damu ya wagonjwa wa saratani ya kichwa na shingo zilivyobeba PD-L1 nyingi, ndivyo ugonjwa ulivyokuwa umeshamiri zaidi. Kwa maoni yangu, matumaini ya karibu yako katika kipimo cha damu kitakachomwonyesha daktari kama tiba inafanya kazi, si katika sindano. Hata watafiti wa Louisville, pia Marekani, waliopanga kujaribu eksosomu za zabibu kwa wagonjwa hawa walilenga vidonda vya mdomoni vinavyoletwa na mionzi, si uvimbe wenyewe.

Mionzi ya koo kwa kawaida hutolewa siku tano kwa wiki, kwa wiki sita hadi saba, mara nyingi pamoja na cisplatin, dawa ya kuua seli za saratani. Saratani hii hukua upesi, kwa hiyo kuchelewa kuanza au kukatiza dozi katikati huipa nafasi ya kuenea. Fedha mlizotaka kumpa muuzaji zitamfaa mzee kwa nauli na kwa uji wenye lishe atakapokuwa hawezi kumeza chakula kigumu. Kabla ya siku ya kwanza, mpelekeni kwa daktari wa meno, kwa sababu jino bovu likingʼolewa baada ya mionzi, mfupa wa taya huenda usipone.